Mpe mhusika kazi kwanza, machozi baadaye

Waandishi wachanga huniletea hadithi zao kuhusu wanawake wa India, Pakistan au Bangladesh, na nyingi zinafanana: mama mkwe mkali, ugomvi wa mahari, mwanamke analia jikoni, halafu ghafla anainuka kama nyota wa sinema. Shida hizo zipo, sikatai. Lakini ukimaliza kusoma unayajua masaibu yake tu, yeye mwenyewe humjui.

Mimi huandika hadithi fupi za wanawake wa Gujarat, jimbo la India walikotoka mababu zangu. Kabla ya mstari wa kwanza hujiuliza: huyu anaamka saa ngapi, kwa siku anapata rupia ngapi, na anamficha nani hizo pesa? Majibu ndiyo huniletea kisa.

Chukua Ahmedabad, mji mkubwa wa Gujarat, 1974. Wachuuzi wa mboga walikopa alfajiri kwa riba ya kunyonya, wakalipa jioni, kesho yake tena. Mabenki hayakuwa na habari nao. Basi wanawake 4,000 wa SEWA, chama cha wanawake waliojiajiri alichokianzisha mwanasheria Ela Bhatt mwaka 1972, wakachanga rupia 10 kila mmoja na kufungua benki yao. Wengi hawakujua kusoma, saini ingetoka wapi? Mwenye akaunti alipigwa picha ameshika kibao chenye namba yake. Hapo mimi nakaa kurasa tatu nzima. Anavyoivuta sari ikae vizuri begani, kucha zenye udongo wa viazi, mpiga picha akimwambia asitabasamu (huyo nimemtunga, lakini ninamwamini).

Na mume? Usimfanye shetani, ni uvivu. Miaka ya 1980 viwanda vingi vya nguo mjini humo vilifungwa, wanaume wakarudi nyumbani mikono mitupu, mkokoteni wa mke ukawa ndio unaolisha familia. Mwandike mume anayehesabu nyanya zilizobaki bila kuuliza zilizouzwa.

Mwanamke naye mwache awe mchoyo, mwongo kidogo, mpenda umbea. Bombay, 1959, wanawake saba walianza kutengeneza papadi, vile vichapati vyembamba vikavu vya unga wa dengu, juu ya paa la nyumba kwa mkopo wa rupia 80. Leo kundi lao, Lijjat, ni biashara kubwa, na kila mtu husimulia ule mshikamano wao. Mimi nataka siku ambayo mmoja aliambiwa papadi zake ni nene, akanuna hadi jioni. Anzia hapo.