Jibu: Jinsi Binay alivyotoka uwakili hadi umeya wa Makati
Ndugu, umeuliza kama Jejomar Binay, wakili wa haki za binadamu nchini Ufilipino, aliingia katika siasa za mji kwa kura. La, hakuanza hivyo: baada ya Rais Ferdinand Marcos kuangushwa mwaka 1986, Rais Corazon Aquino alimteua kukaimu umeya wa Makati, mji ulio katika eneo la jiji kuu la Manila, na mwaka 1988 ndipo wapiga kura walipomchagua rasmi. Kwa kuwa Katiba ya 1987 inamzuia meya kupita vipindi vitatu mfululizo, mwaka 1998 kiti kilikwenda kwa mkewe Elenita, ambaye ni daktari (mwanya ambao, kwa maoni yangu, wakili hangekosa kuuona), kisha Binay akarejea mwaka 2001 hadi alipochaguliwa makamu wa rais mwaka 2010.