Kubadilisha tokeni, kubadilishana au kuhamisha?

Swali: Naandika maelekezo ya kuset programu ichukue USDC yangu (tokeni, yani sarafu ya kidijitali, inayofuata thamani ya dola) iliyoko kwenye mtandao wa Ethereum na kunipa SOL, sarafu ya mtandao wa Solana, kila bei ya SOL ikishuka mpaka nilipotaka. Niandike kubadili, kubadilisha ama kubadilishana? Na hii sentensi iko sawa: "Programu inabadilisha tokeni yenyewe"?

Jibu: Kubadili na kubadilisha usiumize kichwa sana, ila kwenye mambo ya hela watu wamezoea kubadilisha, duka la kubadilisha fedha ndo jina lililozoeleka, kwa hiyo baki hapo. Kubadilishana ndo yenye masharti, hiyo -ana inataka watu wawili kila mmoja anatoa na kupokea, mfano mi nina Bitcoin we una Litecoin, tunazifunga kila mmoja upande wake kwa siri moja (kama nywila) na muda maalum, siri ikifunguka kila mtu anachukua cha mwenzake na muda ukiisha kabla haijafunguka kila mtu anarudishiwa chake, hapo tumebadilishana kweli. Lakini programu yako inachota kwenye dimbwi la tokeni, yani akiba iliyowekwa na watu wengi, ambalo halina mtu wa kumwita mwenzako, so andika inabadilisha.

Sasa ukiangalia vizuri, kazi yako ina vitenzi viwili. Ukipitia ule mfumo wa Circle, kampuni inayotoa USDC, USDC inachomwa (inafutwa kabisa) kule Ethereum halafu inatengenezwa nyingine kiasi kilekile Solana, yani ulichonacho bado ni USDC, hapo sema kuhamisha (najua hakuna kilichosafiri, lakini hata hela ya simu hatuibebi mkononi na bado tunaihamisha). Ikishafika Solana ndo inabadilishwa. Msomaji akikuta neno moja kwa hatua zote mbili, ikikwama katikati atajuaje hela yake iko wapi?

Na uandike "kubadilisha USDC kwa SOL", sio "kuwa SOL". Kuwa inamaanisha kitu chenyewe kimegeuka, wakati USDC yako haijageuka chochote, imebaki kwenye dimbwi. Hata WBTC, tokeni inayowakilisha Bitcoin kwenye mitandao mingine kama Ethereum, ni hivohivo, Bitcoin inabaki imetunzwa mahali na wewe unapewa ya kuiwakilisha.

Sentensi yako ya mwisho ina shida, programu na tokeni ziko ngeli moja, ya I-ZI, kwa hiyo hiyo "yenyewe" inaweza kuwa ya yeyote kati yao, mtu anaweza kusoma kwamba tokeni yenyewe ndo inabadilishwa. Ipeleke mbele: "Programu yenyewe ndiyo inayobadilisha tokeni." Au "programu inabadilisha tokeni bila wewe kubonyeza kitu", mi naipenda zaidi hii kuliko kiotomatiki, japo kiotomatiki sio kosa.

Halafu nimeona wengi wanaita hizi programu boti. Sikatazi, ila ukiandika "boti yangu imekwama na hela" kuna watu wa Zanzibar watakuuliza imekwama bandari gani. Andika roboti.