Maswali ya Wasomaji: Umefika Japani Kusoma Kijapani

Barua za safari hii zimetoka kwa wanaojiandaa kwenda Japani kusoma lugha na kwa waliokwisha kufika. Karibu zote zina jambo moja ndani yake: kule ukikosea, ni nadra mtu kukuambia usoni. Lalamiko litapitia kwa mwenye nyumba, kwa shule au kwa idara ya uhamiaji, na wewe utakuwa wa mwisho kulisikia.

Naondoka kwa muhula wa Aprili. Nikishatua, nianzie wapi?
*Mwanafunzi mtarajiwa, Dodoma*

Anzia uwanjani penyewe. Kwenye viwanja vikubwa kama Narita, Haneda na Kansai utakabidhiwa kadi ya ukaazi palepale unapogongewa muhuri. Hapohapo mpe ofisa fomu ya kuomba ruhusa ya kazi ya muda, uwe umeshaijaza kabla hujafika dirishani. Ukiisahau itakubidi uifuate ofisi ya uhamiaji, upange foleni, usubiri wiki kadhaa, na muda wote huo huruhusiwi kufanya kazi hata saa moja.

Ukishapata pa kukaa una siku 14 za kwenda ofisi ya manispaa ili anwani iandikwe nyuma ya kadi. Usitoke kwenye jengo hilo kabla hujajiandikisha bima ya afya ya taifa, ambayo inakufanya ulipe asilimia 30 tu ya gharama ukienda kutibiwa. Jaza na tamko kwamba mwaka uliopita hukuwa na kipato. Bila karatasi hiyo hawana msingi wa kukupunguzia ada ya bima. Kama umeshatimiza miaka 20, dirisha la pensheni linakuhusu pia. Mchango wake ni zaidi ya yen 17,000 kwa mwezi, kwa hiyo omba siku hiyohiyo usamehewe kuulipa. Wengi huitupa bahasha ya pensheni wakidhani ni tangazo la biashara, kumbe deni linaendelea kuhesabiwa.

Halafu kuna mzunguko unaowachosha wageni: benki inataka namba ya simu, kampuni ya simu inataka akaunti ya benki. Anza na simu. Zipo laini za bei nafuu unazolipia taslimu kwenye konbini, yale maduka madogo yanayokesha wazi, na kadi ya ukaazi yenye anwani inatosha kuzipata. Ukiwa na namba, nenda benki ya posta. Jina liandike kila mahali kwa mpangilio uleule wa kwenye kadi. Ukianza na la ukoo hapa na la kwanza kule, mshahara wako wa kwanza utakwama.

Mfuko wangu wa taka umeachwa barabarani, wa wengine umechukuliwa. Umebandikwa karatasi nisiyoweza kuisoma. Majirani wanapita tu kimya.
*Msomaji, Kyoto*

Karatasi hiyo inakueleza kosa. Piga picha, itafsiri kwa simu, kisha urudishe mfuko ndani. Usiuache pale ukitumaini watauchukua kesho, maana kesho si siku yake, na jirani anayepita kimya anaweza kuwa ndiye atakayempigia simu msimamizi wa jengo.

Kwa Kyoto makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza ni mfuko wenyewe: taka za kuchomwa huwekwa kwenye mfuko wa njano wa manispaa, unaouzwa konbini na supamaketi. Mfuko mweusi ulionunua duka la yen 100 hauchukuliwi hata kama ndani kumepangwa vizuri. La pili ni chupa za plastiki. Ng'oa kizibo, bandua lebo, suuza kwa maji. Kizibo na lebo vinakwenda kwenye taka za plastiki, chupa inakwenda na makopo. Chupa yenye mabaki ya juisi ndani inaweza kukurudishia mfuko mzima. La tatu ni saa. Toa taka asubuhi ya siku yake, kabla ya saa mbili. Ukizitoa usiku kunguru watatoboa mfuko, na takataka zitakazotapakaa zitahesabiwa zako.

Rafiki yako wa Fukuoka akikuambia yeye anazitoa usiku, hakudanganyi. Kule zinakusanywa usiku, unazitoa kuanzia jua kuzama hadi usiku wa manane. Ndiyo maana ushauri wa mtu wa mji mwingine haufai kitu kwenye taka. Chukua kalenda ya manispaa yako uibandike ukutani.

Mafuta ya kukaangia usiyamwage kwenye sinki. Yafyonze kwa magazeti uyatupe na taka za kuchomwa, au nunua unga wa kuyagandisha. Godoro na meza ni taka kubwa: unapiga simu kuweka miadi, unanunua stika ya malipo konbini na kuibandika. Friji, televisheni, kiyoyozi na mashine ya kufulia vina sheria yao na vina ada ya kuvitupa. Ukipewa friji bure na mwanafunzi anayehama, fahamu kwamba umepewa na gharama ya kuitupa.

Mwanangu anasema kazi ya dukani itamlipia ada na pango, nisihangaike. Ni kweli?
*Mama, Tanga*

Shikamoo, Mama. Hapana, haitatosha, na ni heri mlijue hilo kabla hajaondoka.

Mwanafunzi anaruhusiwa saa 28 kwa wiki. Kwa mfano wa malipo ya yen 1,200 kwa saa, hiyo ni yen 33,600 kwa wiki kabla ya makato. Ada ya shule ya lugha kwa kawaida ni kati ya yen 700,000 na 900,000 kwa mwaka. Kazi inaweza kubeba chakula, simu na sehemu kubwa ya pango. Ada itoke nyumbani, angalau ya mwaka wa kwanza, kwa sababu miezi ya mwanzo Kijapani chake hakitamfikisha hata kwenye usaili wa kuosha vyombo.

Shida huanzia kwenye kuzidisha saa. Zile 28 ni za kazi zote kwa pamoja, na siku saba zozote zinazofuatana zisizipite. Likizo ndefu rasmi ya shule ndiyo inayoruhusu saa nane kwa siku. Kazi kwenye baa za kuburudisha wateja na kumbi za pachinko, mchezo wa kamari wa mashine, hairuhusiwi kabisa, hata kufagia. Si lazima afuatwe kazini ndipo akamatwe. Siku ya kuongeza muda wa ukaazi ataombwa cheti cha kodi, kipato kitaonekana hapo, na hesabu itakataa. Vivyo hivyo mahudhurio: yakishuka chini ya asilimia 80 kwa sababu amelala baada ya zamu ya usiku, ombi lake liko hatarini. Mwulize mahudhurio yake kila mwezi, Mama. Shule inayo asilimia kamili, na yeye anaweza kuiomba.

Nimepika ugali kwa unga wa mahindi wa supamaketi, umekuwa gundi. Na nitajuaje kisicho na nguruwe?
*Msomaji, Saitama*

Ulichonunua ni wanga wa mahindi, ule wa kuzitia sosi uzito. Tafuta maduka ya Wanepali au Wahindi, uulize *makki atta*, unga wa mahindi wa Kihindi. Ni wa njano na ladha yake ni nzito kuliko sembe, lakini unasongeka. Jiko la umeme la bwenini moto wake ni mdogo, kwa hiyo songa kidogo kidogo kwenye sufuria ndogo. Mboga iliyo karibu na sukuma wiki ni *komatsuna*, bei yake si kubwa. Pilau usiipikie mchele wa Kijapani, utapata bokoboko. Nunua basmati kwenye maduka hayohayo ya Wahindi.

Kwenye orodha ya viungo tafuta herufi 豚, ndiyo nguruwe, na ラード, mafuta yake, ambayo hujificha kwenye mikate, biskuti na supu za tambi. 酒 ni pombe. ゼラチン ni jelatini, na mara nyingi chanzo chake hakitajwi. Kwa nyama halali, Shin-Okubo mjini Tokyo kuna mtaa wenye maduka mengi, na msikiti mkubwa wa Tokyo, karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, una duka lake.

Kwenye treni kiti cha pembeni yangu hubaki wazi hata watu wakiwa wamesimama. Nimefanya nini?
*Dada, Osaka*

Hujafanya kitu, dada. Wageni wengi wanakutana na hilo, weusi zaidi, na hatutalipamba kwa kusema ni heshima. Wengine wanaogopa utawasemesha Kiingereza, wengine ni ubaguzi tu. Unachoweza kuhakikisha ni kwamba hakuna sababu nyingine: simu iwe kimya, usiipokee ndani ya behewa, begi livuliwe mgongoni. Baada ya hapo, kaa ustarehe na nafasi yako.

Treni ikichelewa, mwalimu atanielewa?
*Msomaji, Yokohama*

Kwa maneno matupu, hapana. Chukua cheti cha ucheleweshaji kwa mfanyakazi wa getini, au kwenye tovuti ya kampuni ya reli, ukipeleke ofisini siku hiyohiyo. Kama shule inavikubali, hakikisha wameandika. Uliza kwanza, maana kila shule ina utaratibu wake.