Umepewa kipindi cha asubuhi? Soma hii kabla hujawasha maiki

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Amekabidhiwa kipindi cha redio cha asubuhi, saa 12 hadi saa 3, ndani yake kuna muziki, mgeni na tafakari ya kiroho, na anaanza Jumatatu. "Kaka, nianzie wapi?" Nilicheka peke yangu, maana swali hilo hilo mimi niliwahi kumuuliza mkubwa wangu kazini, akanijibu, "We ingia tu, utazoea." Basi leo namjibu yeye na nyinyi wote, kwa sababu najua wengi mnaonisoma hapa mnaiota hiyo taa nyekundu ya studio.

Kipindi cha namna hii kina ugumu wake. Cha muziki mtupu karibu kinajiendesha chenyewe. Cha mahubiri kina watu wake, na hata ukipwaya watakuvumilia. Lakini hiki cha mseto anakisikiliza mtu anayepiga mswaki, mwingine anamvalisha mtoto soksi, mwingine yuko kwenye foleni ya magari na bosi anampigia simu. Wanaingia na kutoka, wanakusikia vipande vipande. Halafu mwenye imani yako, mwenye imani nyingine na asiye nayo kabisa, wote wako kwenye masafa yale yale.

Mimi nilirithi kipindi ambacho tafakari ilikaa mwishoni. Muziki, mgeni, matangazo ya biashara, muziki tena, kisha dakika kumi nzima za "neno la leo" kutoka kwa yeyote aliyepatikana asubuhi hiyo. Ilikuwa imebandikwa tu, haihusiani na chochote kilichotangulia. Muda wote huo taa za simu mezani, ambazo wakati wa mgeni zilikuwa zinawaka kama zina wazimu, zilikuwa zimezima.

Kilichonifungua macho ni mgeni. Alikuwa muuguzi, ametoka zamu ya usiku, amekuja na sare yake na mkoba mapajani. Tulimwita azungumzie shinikizo la damu. Alijibu vizuri, kitaalamu, sauti imechoka. Tulipobakiza muda mdogo nikamuuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi: saa kumi usiku, wodi imetulia, unafikiria nini? Akanyamaza. Akaivua pete yake akaiweka mezani, maana fundi mitambo alikuwa amemwonyesha kwa ishara kuwa inagonga meza na maiki inaibeba. Kisha akasema, "Huwa napita kitanda kwa kitanda nasikiliza pumzi zao. Nikizisikia zote, nashukuru." Basi. Mimi nilikuwa na tafakari yangu imeandikwa, kurasa mbili, imepigwa mstari. Nikaigeuza kifudifudi. Nikasema sentensi tatu au nne kuhusu pumzi, jinsi tunavyoipata bila kuiomba, kisha fundi akapandisha taratibu wimbo unaoanza na gitaa tupu. Simu zile ziliwaka zote.

Tangu siku ile msimamo wangu ni mmoja: tafakari itoke kwa mgeni, na iwe fupi. Nikisema fupi namaanisha dakika tatu, tena tatu za saa ya ukutani, siyo za mhubiri. Andika, soma kwa sauti huku saa inatembea, kata. Ukimaliza kukata, kata tena.

Sasa nije kwenye jambo ambalo bado linaniuma, na sitaficha. Kipindi kilipokwisha kupata jina niliitwa ofisini. Mdhamini ameipenda ile nafasi ya kabla ya saa 2, kwa hiyo tafakari ihamie alfajiri, kabla watu hawajaamka. Nilijaribu kujitetea. Nikamwambia meneja wa vipindi kwamba BBC Radio 4, ndani ya kipindi chao cha habari cha Today, ambacho hakina mchezo na wanasiasa, wana dakika chache za tafakari iitwayo Thought for the Day tangu 1970. Wanaziweka hapo hapo karibu na saa 2 kasoro robo, wakati wa wasikilizaji wengi, na wanaozungumza wanatoka dini mbalimbali. Nikaongeza kwamba ibada yao ya kila siku redioni ilianza 1928. Akanitazama, akasema, "Sisi siyo BBC," akaendelea kusoma karatasi zake.

Ikahamishwa. Neno la asante sikulisikia. Ila wasikilizaji wana masikio: walipiga, waliandika, wengine walikuja mpaka mapokezi kuuliza "ile ya asubuhi imekwenda wapi." Baadaye ikarudi mahali pake, na jina la mdhamini juu! Mtu yule yule aliyeitaka nafasi ndiye aliyeomba tafakari irudi. Nasema hivi bila majivuno, au kwa majivuno kidogo, nayo nimeyatolea jasho.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Jumatatu, sikia. Mgeni afike mapema, akae kwenye kiti kisicho na magurudumu, maana mwenye magurudumu atayumba na sauti yake itayumba naye. Mdomo uwe mbali na maiki kiasi cha ngumi moja, upande kidogo, ili "p" na "b" zisipasuke masikioni mwa watu. Usimpe maswali yote kabla, mpe mada tu. Maswali ukimpa atakuja na majibu ya kukariri, na tafakari haitoki kwenye majibu ya kukariri.

Muziki uchague wewe, usiiachie kompyuta ikupangie wimbo wa kufuata baada ya maneno mazito. Wimbo wa baada ya tafakari uanze na ala bila sauti ya mtu, ili ulichosema kipate pa kutua. Sekunde mbili za ukimya haziui mtu. Zikizidi sana, mtambo wa kugundua ukimya utadhani studio imekufa na utaanza kupiga muziki wa akiba juu ya maombi yako. Waulize mafundi wenu wameuwekea sekunde ngapi.

Na usihubiri. Ndiyo, najua, na mimi sasa hivi nakuhubiria, lakini wewe unaweza kuufunga ukurasa huu. Yule dereva kwenye foleni mikono yake iko kwenye usukani. Zungumza naye kama mtu mmoja, sema "wewe", achana na "ninyi nyote mnaonisikiliza". Usimtishe na moto wa milele saa 1 asubuhi, ana siku nzima mbele yake. Usidharau imani ya jirani yake hata kwa utani. Ukiwa na hasira na mtu, ziishie nje ya mlango wa studio. Maiki ya redio inasikia hasira kuliko mama mkwe. Na wewe mwenyewe ilishe roho yako kabla ya kulisha za wengine: soma, sali, nyamaza, tembea, chochote kinachokujaza. Mtangazaji mkavu anajulikana kwenye salamu ya kwanza tu, kabla hata hajataja jina la kituo.

Nitumie muundo wa saa yako ya kwanza niuangalie, hasa sehemu ya mgeni na nyimbo mbili zinazomfuata. Ila usinitumie saa 11 alfajiri ukategemea jibu. Saa hiyo niko kwenye simu, namuuliza mgeni wangu amefika wapi, naye ananiambia yuko njiani huku nasikia bomba la bafuni linamwaga maji.