Iron & Wine anasifiwa nini? Jibu la mtu wa studio, Tabora

Mkuu, umeuliza huyu Sam Beam, mwimbaji wa Marekani anayejiita Iron & Wine anasifiwa nini na wachambuzi, wakati anaimba kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Mimi narekodi kwaya na vijana wa bongofleva hapa Ng'ambo, Tabora, kwa hiyo nitakujibu kwa upande wa maiki.

Albamu ya kwanza, The Creek Drank the Cradle ya 2002, aliirekodi nyumbani kwa rekoda ya kaseti yenye treki nne. Gita, banjo, sauti zote ni yeye. Ikatolewa na Sub Pop, lebo ileile iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989, ile bendi ya roki ya makelele. Hapo ndipo watu walipogeuza shingo.

Sasa vaa hedifoni. Sauti inayoongoza haiko peke yake, ameirudia juu ya yake mwenyewe kisha akaongeza nyingine ya juu kidogo. Anayepaza sauti ana pa kujificha. Ukiimba chini vile, maiki inanasa hadi mate, na ukirudia lazima pumzi ziangukie palepale. Nilimpa kazi hiyo kijana mmoja wa kwaya, mwimbishaji mzuri tu. Nikazima feni, akasogelea maiki kiasi cha kiganja. Mstari wa kwanza safi. Tuliporekodi mara ya pili juu ya ule wa kwanza, kila "s" ikasikika mbili mbili, akacheka mwenyewe, akaomba tumrudishie biti yake.

Ila wachambuzi wengine wamezidi kuiabudu kaseti. Ule mvumo wa shiii kule nyuma ni kifaa tu, si kipaji. Our Endless Numbered Days ya 2004, aliyorekodi studio na prodyuza Brian Deck, kwangu ndiyo bora: unasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi, na maneno yake ya kifo na mapenzi yanasikika bila kugombana na mvumo. Hakulazimishi ulie. Anakutajia jambo, anaendelea na safari.

Lawama yangu ni mwendo. Taratibu, taratibu tena, ukifika katikati hujui wimbo upi umeisha. Sisi wa magita ya Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz tumezoea solo ikichukua wimbo, huku usiisubiri.

Anza na hiyo ya 2004. Usiipige kwenye sabufa, besi yenyewe haba. Zikipita nyimbo tatu hujaguswa, achana nayo mkuu, hudaiwi.