Usiyahamishe mayai ya kasa kwa mikono yako
Ndugu, umeuliza kama muyafukue mayai ya kasa mliyoyakuta ufukweni Watamu, myafukie mbali na hoteli. Nakusihi, msiyaguse! Saa chache tu baada ya kutagwa, kiinitete, yaani mtoto anayeanza kukua ndani ya yai, hujishikiza kwenye ganda. Yai likigeuzwa, hufa humo humo. Waiteni Local Ocean Conservation, shirika la kuhifadhi bahari na kasa, wako hapo hapo Watamu, na wanajua kuyahamisha pale inapobidi.

Kazi yenu kubwa ni taa. Watoto wa kasa hutoka usiku, baada ya siku 60 hivi, na hufuata mwanga wakidhani ndiyo bahari. Nimewahi kuwakuta asubuhi wamekauka barabarani, roho iliniuma sana. Iombeni hoteli izime taa zote zinazoelekea pwani, hasa wiki za mwisho.