Bibi na mjukuu kwenda Arches, Utah

Shikamoo Bibi. Umeuliza kama mjukuu wako wa miaka 15 atachoshwa na safari ya kwenda kuona miamba ya Arches, hifadhi ya taifa ya matao ya mawe huko Marekani. Hatachoshwa ukimpa kazi: yeye ndiye awe msoma ramani, na aipakue kwenye simu kabla hamjatoka Moab, mji ulio karibu na hifadhi, maana huko mbele mtandao hukatika.

Kwenda kwenye tao la Delicate Arch anzeni alfajiri. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 5, mwamba mtupu bila kivuli, na mwishoni njia hupita ukingoni mwa jabali. Magoti yakikataa, nendeni kwenye tao jingine, Landscape Arch, njia yake ni rahisi zaidi. Mwonyeshe palipobanduka bamba la jiwe mwaka 1991. Nakusihi, maji bebeni lita 4 kwa kila mtu kwa siku.